Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Karatasi Tatu Zimekutana

Ndugu wanachama,

Mengi ya mwaka huu mtayasikia kwa Katibu na Mweka Hazina. Mimi naomba nianze na kikao chetu cha Machi, maana sijawahi kuona ukumbi wetu ukinyamaza namna ile.

Mwenzetu mmoja alileta karatasi mbili za picha ya karatasi tatu ya Utagawa Kunisada, msanii wa Japani wa picha za waigizaji zilizochapwa kwa vibao vya mbao. Zilikuwa ya kulia na ya kushoto, alizonunua zamani akijua kuwa ya katikati imepotea. Mwenzetu mwingine, aliyekuja kuomba ushauri tu, akafungua jalada lake na kutoa waigizaji wawili wamesimama chini ya mcheri, tawi limekatwa na ukingo wa karatasi. Tulipozisogeza, tawi likaendelea. Sahihi ni ile ile ya Toyokuni, jina la mwalimu wake ambalo Kunisada alilirithi mwaka 1844. Mihuri miwili ya wakaguzi wa serikali ipo, na wa tatu wa tarehe, wa mwaka wa panya katika kalenda ya Japani, yaani 1852. Bado wapo waliobisha, mpaka tulipoziweka juu ya taa: tundu la mdudu limepita mahali pale pale katika zote tatu. Zamani zililala pamoja katika albamu moja.

Pale Edo, Tokyo ya leo, karatasi hizi ziliweza kununuliwa moja moja. Shabiki mwenye senti chache alichukua ile yenye mwigizaji wake akaenda zake. Ndivyo zilivyotawanyika. Wenzetu hawa wawili wamekubaliana zisitengane tena, zikae mwaka kwa huyu, mwaka kwa yule. Nawashukuru kwa dhati.

Wapo walioniuliza tuliwatambuaje waigizaji wakati majina hayakuandikwa. Mwaka 1842 serikali ilipiga marufuku picha za waigizaji, na ziliporudi, majina yaliachwa kwa miaka mingi. Watu wa Edo hawakuyahitaji. Waliijua pua ya mtu, na waliijua nembo ya ukoo kwenye vazi. Miraba mitatu iliyoingiana, kama vibaba vya kupimia mchele, ni ya ukoo wa waigizaji wa Ichikawa Danjuro, jina linalorithiwa. Aliyelibeba jina hilo wakati ule, Danjuro wa nane, alijiua Osaka mwaka 1854, na picha za kumwomboleza zikachapwa kwa wingi. Anayetaka kujizoeza nembo hizi aingie kwenye hazina ya mtandaoni ya Makumbusho ya Maigizo ya Chuo Kikuu cha Waseda. Ina makumi ya maelfu ya picha, na kutazama ni bure.

Sasa la kusikitisha. Katika maonyesho ya Juni, picha ya Katsukawa Shunsho, msanii mwingine wa Japani, ilitundikwa ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Ukuta ule niliupanga mimi. Buluu ya maua na waridi ya ua la kartamu ni rangi za mimea, na jua likizila hazirudi. Nimemwomba radhi mwenye picha, na leo naomba radhi kwenu. Kuanzia sasa hakuna picha itakayoonyeshwa kwa mwanga unaozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), wala karibu na dirisha, hata kwa saa moja.

Kamati pia ilikaribia kununua picha iliyotangazwa kuwa ya Sharaku. Mnafahamu kwamba msanii huyu alifanya kazi kwa miezi kama kumi tu, 1794 hadi 1795, chini ya mchapishaji Tsutaya Juzaburo, na nakala zake za baadaye ni nyingi. Karatasi ilikuwa nene na nyeupe mno, na ukingo umepunguzwa pale ambapo mchapishaji wa nakala huweka nembo yake. Tuliirudisha. Sina ugomvi na nakala nzuri, nyingine zimechongwa kwa ustadi mkubwa. Ugomvi wangu ni na mkasi ulioficha ukweli.

Hesabu zimekaguliwa na ada haipandi.

Kazi kubwa ya mwaka ujao ni daftari la karatasi pweke. Kila mwenye karatasi moja ya picha ya karatasi tatu aje nayo katika kikao cha kwanza. Asiisafishe, asiibandue, asiguse ukingo. Na matundu ya wadudu asiyazibe, tunayahitaji.