Dada wa kitenge cha njano pale Kariakoo, asante

Jamani kuna dada namtafuta na jina lake sijui, mwaka jana tulikuwa tumebanana kwenye duka la vipodozi Kariakoo mi nimeshika kopo la dawa ya kunyoosha nywele, akaniangalia kisogoni palivyonyonyoka akasema mdogo wangu rudisha hilo kopo. Ningeweza kununa ila alisema kwa upole kweli.

Basi akanielekeza palepale watu wanatusukuma, kwamba nywele za kipilipili zinajikunja ndo maana mafuta ya kichwani hayafiki nchani, zinabaki kavu, afu sisi tunaongezea shampuu kali na draya tunashangaa zinakatika. Nisichane kavu. Nilowanishe, nipake kondishena mpaka ziteleze, nianzie nchani kupanda juu, vidole kwanza ndo chanuo la meno mapana. Kukausha nitumie tisheti ya pamba sio taulo (nilicheka, ila ile tisheti yangu ya kampeni sasa ndo kazi yake), usiku mabutu manne na kitambaa cha satini.

Mwanzoni niliona ananichosha tu. Leo nimevuta butu la mbele limefika kidevuni! Mimi! Na kisogoni pameota vijinywele laini kama vya kichanga, mama kavishika akauliza nani kakuombea.

Dada ukiiona hii, ile hela ya dawa nilinunulia mafuta ya nyonyo na chenji ya daladala ikabaki. Asante mno.