Baba Neema, usinunue kengele nyingine

Gungu, Kigoma

Baba Neema, ndugu yangu,

Salamu sana. Huku hatujambo, mvua tu ndiyo haijatulia. Mama mpe shikamoo yangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili: kengele ya kamera ya getini inafanya kazi mchana, usiku inazima na kuwaka, na fundi anasema umeme upo. Tafadhali usitume pesa ya kengele nyingine ya kamera kabla hujamaliza kusoma hapa. Kifaa kinachofanya kazi mchana kutwa, kikaanza kuzima na kuwaka jua likishazama, mara nyingi si kibovu, ila umeme haukitoshi. Usiku taa zake za kuonea gizani zinawaka, kinavuta zaidi, volti zinaanguka, kinazima. Kikizima mzigo unaondoka, volti zinapanda, kinawaka tena. Hivyo hivyo mpaka asubuhi.

Anza na transfoma ya kengele ya zamani, ile iliyo pembeni ya meinswichi. Soma kibandiko. Kikisema 8V 1A, hiyo ni VA 8 (volti mara ampea, yaani uwezo wake), kazi yake kugongesha kengele basi. Kamera nyingi za waya za mlangoni zinataka volti 16 hadi 24 za AC (umeme wa kugeuka-geuka, kama wa ukutani), na VA 30 inazitosha vizuri. Huyo fundi aliyesema "nimepima, umeme upo" naona alipima bila mzigo. Transfoma ndogo isiyo na mzigo hudanganya: ya volti 8 inaweza kusoma 11.

Wewe pima hivi. Zima breka, toa kengele ukutani bila kufungua nyaya zake, skrubu mbili za nyuma zifikike. Washa. Maltimita iwe kwenye volti za AC. Funika kamera kwa kitambaa kizito cheusi, taa za usiku ziwake, ndipo usome kwenye skrubu zile. Ikiwa bado imefunikwa, ingia ndani upime transfoma upande wa volti ndogo; upande wa volti 230 za nyumba usiuguse kabisa. Zikiwa chini kote kuwili, transfoma ni dhaifu. Ikisoma 17 ndani na 12 getini, volti 5 zimepotelea njiani.

Na njiani ndiko kwenye mengi. Waya wa simu wenye unene wa nusu milimita, ukienda mita 30 na kurudi, una kama omu 5. Kamera ikivuta nusu ampea, volti 2 na nusu zimekwenda. Kama ndani yake zimo nyaya nne, zisokote mbili mbili, upotevu utapungua nusu. Halafu tafuta maungio, hasa yale yaliyosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu nyeusi chini karibu na geti. Maji yakiingia, shaba inaota kutu ya kijani. Kata mpaka uone shaba inayong'aa, funga kwa konekta, weka ndani ya boksi juu ya ardhi.

Nirudi kwenye transfoma, maana hapa watu hukosea. Jioni umeme wa mtaani ukishuka kutoka 230 hadi 190, transfoma ya 16 inatoa kama 13 tu. Kwa hiyo ningechukua ya 24, VA 40, kama kijitabu cha kengele kinairuhusu. Adapta ya taa za LED usiifunge, hiyo ni DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri.

Halafu, kama kwenye boksi kilikuja kidude chenye nyaya mbili, hicho hufungwa kwenye kengele ya ndani, mara nyingi palipoandikwa Front na Trans. Kengele ya ndani ikinguruma muda wote, huenda hakikufungwa.

Sasa niambie: kibandiko kimeandikwa nini? Waya una nyaya ngapi ndani? Kutoka nyumbani hadi getini ni hatua ngapi? Inazima saa ngapi hasa, au hata mtu akibonyeza mchana? Na yule kijana wa Cheyo aliyechimba mtaro, waya wa kengele aliupitisha paipu moja na ule wa taa ya geti? Ukichubuka humo, 230 inaweza kutokea pale pale watoto wanapobonyeza. Kama ndivyo, zima breka zote mbili, ya kengele na ya taa ya geti, sasa hivi, halafu unipigie.

Baba Asha