Siku 84 za uzazi alipe nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako, na kama barua ni ndefu kata utakavyo ila ile sehemu ya mfuko wa kulipia likizo ya uzazi uiache maana ndo iliyonikalisha chini kuandika.

Kila serikali ikitangaza kima kipya cha mshahara simu yangu huku Tanga haitulii, watu wananiuliza mie kwa sababu kabla sijastaafu nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, "mama, na sie tumo?" Julai 2025 kima cha chini cha watumishi wa umma kikatoka 370,000 kwenda 500,000, halafu cha sekta binafsi nacho kikatangazwa kimepanda toka 275,060 mpaka 358,322 kuanzia Januari 2026, ingawa kila sekta ina kiwango chake. Hela hiyo, siibezi hata kidogo. Ila namuuliza aliyenipigia, una mkataba? Kimya. Una salari slipu? Hana. Jina lako sasa limeandikwa wapi? Kwenye kaunta buku la supavaiza.

Basi hayumo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 mie naijua vizuri na nasema wazi ni sheria nzuri, ina likizo ya mwaka siku 28, ina masaa 45 kwa wiki, ovataimu mara moja na nusu, uzazi siku 84 kwa malipo na ukijifungua pacha siku 100. Mtu akisoma anaweza akadhani Tanga tunaishi peponi. Lakini hayo yote yanapita mlango mmoja tu, uwe na bosi anaekubali kwa maandishi kuwa wewe ni mfanyakazi wake, na huo mlango ndo siku hizi unafunguliwa kidogo kidogo kweli, na kwa wanawake unafunguliwa kidogo zaidi.

Nenda saa kumi na mbili asubuhi kwenye geti la kiwanda, sitaji kipi. Wanawake wamejipanga, supavaiza anatoka na daftari anaita majina, aliyeitwa anaingia asiyeitwa anarudi zake nyumbani na nauli imeshakwenda. Binti wa jirani yangu alikuwa anapaki mle ndani muda mrefu tu, ila kila akikaribia miezi sita anaambiwa pumzika wiki mbili halafu uje. Akapata mimba. Akawa anavaa dera pana na kanga juu yake, si kwa staha, anaficha tumbo. Mwezi wa tano supavaiza akamwangalia akamwambia "wewe mdogo wangu kapumzike kwanza", na kesho yake jina halikuitwa. Hakufukuzwa, hakupewa barua, hamna lolote la kushika mkononi kwenda nalo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko malalamiko ya kuachishwa yanatakiwa yafike ndani ya siku 30.

Ile miezi sita haikutoka hewani. Sheria yenyewe inasema kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja. Ni kweli inasema pia hata kama ni kwa mikataba zaidi ya mmoja, maana yake vipande vya siku vinatakiwa vijumlishwe, lakini nani atavijumlisha na daftari analo bosi?

Sasa wenzangu wa chama huwa wanaishia hapo, waajiri wabaya, wakaguzi wa kazi waongezwe, makofi. Mie nasema wakaguzi waongezwe ndio ila tutazame na hesabu ya mwajiri. Mwenye kiwanda ana watu wawili mlangoni, kijana wa kiume na binti wa miaka 24, kazi wanaijua sawasawa. Binti akizaa sheria inamtaka yeye mwenye kiwanda alipe mshahara siku 84 na wakati huo huo amlipe mtu wa kushika nafasi. Mwanaume anaomba siku tatu za kuzaliwa mtoto. Hata ungekuwa wewe Mhariri, na mtaji wenyewe wa mkopo. Kwa hiyo ile sheria tuliyoitunga kumlinda mama ndo inamweka kwenye kaunta buku, na akiwa kwenye kaunta buku haimlindi tena. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wana fao la uzazi, sawa, ila ni la mwanachama aliyechangiwa vya kutosha na huyu hajachangiwa hata mwezi mmoja.

Sio sie peke yetu tuliofika hapa. Mjerumani aliyeanza kujenga reli yetu ya Tanga 1893 kwao alikuwa tayari na bima ya wagonjwa toka 1883, ya ajali 1884 na ya uzee 1889, zote zimefungwa kwenye ajira, na huku manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, hakuwaletea hata moja, hilo tuliache. Mpaka leo Ujerumani ina zile ajira ndogo wanaita minijob, kwa miaka mingi mwisho ilikuwa euro 450 kwa mwezi, wengi waliomo ni wanawake, na uzeeni pensheni yao inakuwa kiduchu kwa sababu pensheni inafuata mshahara. Hispania nao 1984 walifungua mikataba ya muda kupunguza ukosefu wa kazi, ikafika theluthi moja hivi ya waajiriwa wako kwenye mikataba hiyo, mgogoro wa 2008 ulipokuja hao ndo wakamwagwa kwanza, vijana wengi, na wenye ajira za kudumu wakabaki. Mpaka 2021 ndo wakaibana tena hiyo sheria.

Sweden walichofanya toka 1974 ni kwamba hela ya mzazi haitoki kwa bosi wa mama, inatoka kwenye bima ya jamii ambayo waajiri wote wanachangia kwa mishahara yote, awe wa kike awe wa kiume. Siku ni 480 kwa mtoto, na 90 kati ya hizo ni za baba, asipozichukua zinapotea. Sisemi wamemaliza kila kitu, huko pia wanawake wamejazana hospitalini na mashuleni na mabosi wa makampuni wengi wanaume. Ila bosi wa kule akimwangalia binti mlangoni haoni deni.

Na Tanzania jambo hili tunalijua sana kwa sababu tumeshalifanya kwenye ajali! Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza 2015, mwajiri anachangia asilimia 0.5 ya mishahara, mfanyakazi hakatwi senti, mtu akiumia fidia inatoka mfukoni. Hakuna bosi anaekataa kuajiri mtu eti huyu ana vidole kumi vya kukatika. Uzazi kwa nini usiende hivyo hivyo, siku zote 84 zilipwe na mfuko, mwajiri achangie kiasi kile kile hata kama wafanyakazi wake wote ni wanaume wa kubeba mizigo bandarini?

Halafu kibarua naye ahesabiwe siku zake. Manamba walikuwa na kipande, kadi ya kazi, kila siku inachorwa, zikitimia 30 unalipwa, na ule ulikuwa mfumo wa kumkandamiza mtu lakini siku zake zilionekana. Leo kila kibarua ana simu na namba ya NIDA, inashindikana vipi siku moja ya kazi kuingia NSSF kama siku moja na mwajiri akatwe mchango wa siku moja? Badala yake tunaambiwa kuna mpango wa waliojiajiri, tujichangie wenyewe. Kujiajiri vipi wakati bosi ninae, geti lake nalijua na masaa ananipangia yeye? Ukiacha huo kuna mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake, nne wanawake nne vijana mbili wenye ulemavu, mizuri kwa anaetaka biashara, ila mwenye mimba ya miezi saba anataka kula, hatafuti kikundi.

Najua watakaosema waajiri watalia mzigo. Serikali imekuwa ikiwapunguzia mfululizo, tozo ya SDL, ile ya kuendeleza ujuzi wanayolipa waajiri, imetoka asilimia 6 mpaka 3.5, na mchango wa huo Mfuko wa Fidia kwa sekta binafsi ulikuwa asilimia 1 ukashuka hadi 0.5. Ile nusu iliyoshuka nani amesikia ikirudi kwa kibarua? Naiomba wizara na wabunge wetu wa Tanga waanzie hesabu hapo hapo, nusu asilimia kwa mishahara yote ingelipa siku ngapi za uzazi, watupe jibu kabla ya Mei Mosi.

Mstaafu,
Makorora, Tanga