Barua kwa Hamisi kuhusu Kibali cha Bunduki

Norfolk, Uingereza

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Barua yako nimeipata, nami nimefurahi kusikia kwamba umekwisha kuzoea kazi ya shamba huko Suffolk na sasa unakusudia kuomba kibali cha bunduki ya kuwindia kulungu. (Tunawaita kulungu kwa kukosa jina jingine, maana hawa wa huku, ambao madume yao hudondosha pembe kila mwaka, si kulungu wa kwetu.)

Sheria ya silaha ya mwaka 1968 inamtaka mkuu wa polisi aridhike kwamba mwombaji ana sababu ya kutosha ya kuwa na bunduki anayoiomba. Mimi mara ya kwanza niliandika "kuwinda" tu, nikidhani nimejieleza, na ombi langu halikusogea hata hatua moja mpaka nilipopeleka barua ya mwenye shamba. Kupenda kuwinda hakutoshi. Wanataka kujua utawinda wapi, kwa ruhusa ya nani, na mnyama gani. Kwa hiyo mwombe tajiri wako akuandikie barua inayotaja mahali shamba lilipo, aina ya kulungu wanaoingia humo na hasara wanayomletea katika mazao na miche ya miti.

Ukishaipata, ilinganishe na bunduki utakayoitaja katika fomu, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Kwa Uingereza na Wales, sheria ya kulungu ya mwaka 1991 inaruhusu muntjac, yule mdogo, apigwe kwa bunduki ya kipenyo kisichopungua inchi 0.220, lakini roe, aina nyingine iliyo kubwa kuliko huyo, anahitaji inchi 0.240 na risasi yenye nguvu isiyopungua futi-pauni 1,700 inapotoka mtutuni. Barua ikimtaja roe nawe ukaomba bunduki ndogo, sababu yako imeanguka. Kipimo hicho nakiunga mkono kwa moyo wote, kwani niliwahi kumkuta jike msituni akiwa na jeraha la siku nyingi, akijikokota kwa miguu mitatu, na sijamsahau.

Tafadhali nitumie nakala ya barua ya tajiri wako niisome kabla hujaipeleka polisi.

Rafiki yako,
Juma