Msifunge studio za sanaa kupisha kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nijibu hoja ninayoisikia sana siku hizi, kwa wazazi na hata kwa baadhi ya wakuu wa vyuo: kwamba kijana anayesomea sanaa apelekwe moja kwa moja kwenye kompyuta, na mambo ya brashi, udongo na wino waachiwe wazee. Hoja ina mvuto wake. Ada ni ghali, ajira ni za kugombania, na kila mzazi anaona kuwa kadi, mabango na matangazo ya simuni yote yanatengenezwa kwa kompyuta. Sasa kwa nini mtoto amalize muhula mzima akichora chungu kwa penseli?

Mimi nina duka la uchapaji hapa Dar es Salaam. Tunachapa kadi za michango na za harusi, fulana, kalenda, mabango ya fleksi, lebo za asali na karanga. Ninaajiri vijana waliotoka vyuoni na vyeti vya ubunifu wa kidijitali, na nawapenda, maana wana kasi ambayo sisi hatukuwa nayo. Photoshop na Illustrator, programu za kutengenezea picha na michoro, wanazichezea watakavyo. Kazi zao zinapofika kwenye mashine ndipo tunapoanza kutazamana.

Chukua rangi. Skrini ya simu inaunda rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa inaziunda kwa wino: sayani, majenta, njano na nyeusi. Zipo bluu kali na kijani cha kung'aa ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi kabisa. Kijana anamtumia mteja kadi kwa WhatsApp, mteja anaipenda, analipa. Ikitoka kwenye karatasi, ile bluu imekuwa zambarau iliyochoka. Mteja anakuja juu, na ana haki. Kijana aliyewahi kuchanganya rangi kwenye kisahani, akaona jinsi tone moja la nyekundu linavyoiua kijani, hapatwi na hayo. Anaichagua rangi huku anajua itaishia wapi. Aliyefundishwa kubofya tu anabaki kuilaumu mashine.

Herufi nazo hivyo hivyo. Bango la barabarani linasomwa na abiria aliye ndani ya daladala inayokwenda, tena kwa kutupia jicho tu. Wale waandishi wa mabango wa zamani, waliokuwa wakiandika majina ya maduka ukutani kwa brashi na rangi ya mafuta, walipima nafasi kati ya herufi kwa macho. Walijua kuwa A na V zikikaa jirani lazima zisogezwe, la sivyo neno linaonekana lina pengo. Vijana wangu wengi wanaiachia programu ipange, kisha kwenye kadi moja wanajaza fonti tano, na jina la bwana harusi linaandikwa kwa mikunjo ya dhahabu ambayo hata mama mzazi haisomi.

Ningekuwa na mamlaka, kuna zoezi moja ningelilazimisha katika kila chuo cha ubunifu: kuchapa kitambaa kwa skrini (si ya simu, bali fremu yenye wavu ambao wino hupenyezwa), kwa mkono, na kielelezo kiwe kanga. Kanga ina kanuni zake. Pindo linazunguka pande zote nne, mji, yaani uwanja wake, uko katikati, na jina, yale maneno yake, linakaa sehemu ya chini ya mji. Mwanafunzi anachora mchoro wake kwanza, kisha anautenganisha: rangi moja, skrini moja. Akiwa na rangi tatu ana skrini tatu, na kila moja lazima ikae palepale ilipokaa ya kwanza. Ikihama hata milimita mbili, kila ua linatoka na kivuli ambacho hakuna aliyekiagiza. Rangi moja ikipita juu ya nyingine inazaa ya tatu, na mwenye akili anagundua kuwa anaweza kupata rangi tatu kwa gharama ya skrini mbili. Halafu kuna kona. Mnyororo wa korosho au maua unakwenda vizuri kabisa upande mrefu, ukifika pembeni unakatika vibaya, nusu korosho huku, nusu kule. Hapo hakuna cha kubofya. Itabidi arudi mezani, apime upya ukubwa wa korosho moja ili zigawanyike sawasawa pande zote mbili, au achore kitu kingine cha kukaa pale konani.

Akitoka hapo akafungua Photoshop, yale matabaka ya picha anayakuta ni mambo aliyokwisha kuyafanya kwa mikono yake. Ataishika programu ndani ya siku chache. Kinyume chake, mtu wa programu kushika skrini ndani ya siku chache, dukani kwangu sijakiona. Na wanaosema studio ni gharama waende wakaulize bei: fremu ya mbao, kitambaa cha wavu, mpira wa kuvutia wino, kemikali ya kuhamishia picha na taa. Seti ya kujifunzia haifiki bei ya kompyuta moja nzuri, tena haitaki kubadilishwa kila baada ya miaka michache.

Kinachoniuma zaidi ni upande wa walimu. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeipa sanaa nafasi: shule ya msingi kuna somo la Sanaa na Michezo, na sekondari kuna mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi. Nimefurahi, sisemi uongo. Lakini njoo dukani kwangu siku za kuelekea mazoezi ya kufundisha, yale wenyewe wanayoyaita BTP, uone wanachuo wa ualimu walivyopanga foleni kuprinti zana. Alikuja binti mmoja, mpole, akaniamkia, akaomba nimchapie picha ya chungu, saizi ya A3, rangi kamili, na laminesheni juu. Chuo chake sikitaji. Nikamuuliza ni ya somo gani. Akasema ufinyanzi. Picha yenyewe aliipakua intaneti, chungu cha ng'ambo kinachong'aa kwa vanishi. Na mtaa wa pili kutoka dukani kuna mama anauza vyungu vyetu, vimepangwa chini kabisa, vingine bado vina doa jeusi la moshi wa kuchomea. Kwa bei ya ile laminesheni na uchapaji angepata kimoja cha kwenda kukishikisha watoto.

"Wewe mwanangu umewahi kufinyanga?"

"Hapana baba. Tulisoma hatua zake."

Akanitajia hatua zote, kuanzia kuchimba udongo na kuuponda hadi kuchoma, kwa mpangilio, bila kuruka hata moja. Nikamchapia picha yake, ningefanyaje. Lakini huyo ndiye anayekwenda kumfundisha mwanao na mjukuu wangu, na baada ya miaka michache ndiye atakayetuletea kijana chuoni ambaye hajawahi kushika kitu chochote isipokuwa simu. Ukifunga studio katika chuo cha ubunifu unaharibu mafundi wa kundi moja. Ukiifunga katika chuo cha ualimu hasara inasambaa hadi vijijini.

Wakubwa wetu hawakuzitenganisha kazi hizi mbili, kutenda na kufundisha. Sam Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro, alisoma katika shule ya sanaa ya Makerere, ile iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, kisha akaenda shule ya sanaa ya Slade huko London. Alichora, na alifundisha Makerere, kabla ya kupelekwa London kuwa balozi wa Tanganyika. Mchoro wake wa mwaka 1956, wa wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ulinunuliwa na jumba la makumbusho la Museum of Modern Art la New York. Elimo Njau wa Marangu naye alipita Makerere, akafundisha, akachora kuta za kanisa kule Murang'a, kisha mwaka 1965 akafungua kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Edward Saidi Tingatinga hakupita chuo chochote cha sanaa. Alichorea siling bodi kwa rangi ya baiskeli, na ndugu na vijana wake wakajifunza wakiwa wamekaa ubavuni pake. Alipofariki mwaka 1972 wao ndio walioendelea, na hadi leo kuna familia zinaishi kwa kazi ile. Aliyejua kutenda ndiye aliyefundisha.

Kuna atakayesema zama zimebadilika, sasa kuna akili mnemba, chora ya nini. Wateja wangu wameshaanza kuja na picha za namna hiyo. Zinapendeza kwa mbali. Ukisogea, kwenye baadhi bibi harusi ana vidole sita na maneno ya Kiswahili yamekuwa mchanganyiko wa herufi ambao hausomeki kwa lugha yoyote. Huenda mwakani vidole vitakuwa vitano, sibishani na hilo. Lakini bado atahitajika mtu wa kuitazama picha na kusema mkono huu umekaa vibaya, mwanga unatoka pande mbili, rangi hii haitachapika. Jicho la namna hiyo hupatikana kwa kuchora vitu vilivyo mbele yako, tena vingi, huku mwalimu anakusahihisha.

Ninachoomba si makubwa. Vyuo vya ubunifu visimpe mtu cheti kabla hajaleta angalau kazi moja iliyochapwa, ya kushikika, ambayo yeye mwenyewe aliisimamia hadi ikatoka kwenye mashine. Vyuo vya ualimu vimdai mwalimu wa sanaa kazi zake mwenyewe, alizochora, alizofinyanga au alizosuka, na zipewe alama sawa na andalio la somo. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, Butimba kule Mwanza kumepikwa walimu wa sanaa na muziki kwa miaka, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu. Mahali pa kuanzia tunapo. Wakuu wa vyuo wakiona chumba cha studio kina vumbi, waagize ufagio kabla ya kuagiza kompyuta.

Kwa upande wangu, nina meza ya skrini ambayo haina kazi siku za Jumatatu na Jumanne. Chuo chochote cha jijini kikitaka kuleta wanafunzi wa fildi, wa ubunifu au wa ualimu, wawili wawili, milango iko wazi na sitozi kitu. Waje na nguo za kuchafua, na kila mmoja aje na mchoro wa pindo wenye kona nne zilizokamilika.

Wako,
Mchapaji,
Buguruni, Dar es Salaam