Wale watu wako walisemaje?

Mhariri, assalam alaikum.

Nimeusoma ukurasa wenu wa wiki iliopita kuhusu ugunduzi wa vyuo vikuu, bahari humo, magonjwa humo, mambo ya kale humo humo, na nimefurahi kweli. Ila nilikuwa nausoma barazani hapa Jambiani, Unguja, na bibi mmoja jirani yangu akaniuliza unasoma nini wee, nikamwambia habari za utafiti wa chuo kikuu (kwetu chuo ni cha Kurani kwanza, hichi chengine mpaka uongeze neno), akatikisa kichwa akasema, haya, na wale watu wako walisemaje? Sikuwa na la kumjibu, ndo maana naandika.

Mie si msomi, nimeishia kidato cha nne. Kazi yangu kubeba. Wakija watafiti huku kusini ndo mie wanaenipigia simu, nawapokea, nabeba ndoo zao, nashika ncha ya kamba wakipima majani ya baharini, nimechekecha mchanga pango la Kuumbi, nimewafata msitu wa Jozani kuhesabu kima punju, nimepita nyumba kwa nyumba na watu wa afya nikiwa mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili, maana Kiswahili cha kwenye fomu zao hata mie kinanitoa jasho. Kwahiyo fani zote nimezisoma, kwa mgongo.

Sasa kuna mwaka walikuja wa kuuliza mambo ya mwani, chuo sikitaji, vijana wazuri tu na adabu zao. Wakaja bamvua. Anaelima mwani anajua bamvua ni nini, ndo hizo siku chache maji yanakupwa mpaka mbali na mtu anawahi shamba lake, afunge mbegu kwa taitai, vile vijikamba, avune, akaze vigingi, maji yakirudi basi tena. Wao ndo wakampata yule yule bibi jirani yangu pale pale pwani, kanga imemroa mpaka kifuani, wakamkalisha juu ya gunia wakaanza kumsomea masuali arubaini na kitu kwenye tableti, unakubali sana, unakubali, huna hakika, hukubali, hukubali kabisa. Bibi akasema "mwanangu, mwani wangu unakufa, nikubali nini?" Kijana akanitazama mie, mie nikatazama maji, yashaanza kujaa. Mwisho akatia dole gumba kwenye karatasi ilioandikwa kuwa utafiti huu utainufaisha jamii, akapewa mche mmoja wa sabuni akenda zake, na shamba siku ile hakuligusa.

Alichokuwa anataka kujua ni kitu kimoja tu, mwani wa aina ya kotonii unakufa kwa nini. Mwani wa biashara umeanza huku kwetu Paje na Jambiani mwaka 1989, mbegu zilitoka Ufilipino, spinosamu na kotonii, na kotonii ndo yenye bei nzuri lakini ndo hio inageuka nyeupe, inalainika, inakatika unaiona inaelea. Na kinachoniuma, Mhariri, ni kwamba jibu lipo na lipo zamani! Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lakini ipo hapa hapa Unguja tangu 1978, watu wake walishaeleza kwamba maji ya ndani ya mwamba hayana kina, jua likiyapiga yanachemka, kotonii inadhoofika na maradhi na magugu ya bahari yanaivamia. Dkt. Flower Msuya na wenzake wakajaribu kuipeleka maji marefu kwenye nyavu zilioshonwa kama bomba, na huyu mama nampa haki yake, alishuka pwani akakaa na wanawake mpaka wakajua kutengeneza sabuni ya mwani. Kwahiyo sisemi wote wamoja. Na hilo jibu la maji marefu nalo lina mambo yake, linataka ngalawa na linataka mtu ajue kuogelea, wakulima wengi ni kina mama na wengi wao hawajui. Lakini angalau mtu akiambiwa ni joto la maji anaacha kudhani kafanyiwa hasadi na jirani. Msicheke, ugomvi huo tumeuamua.

Kuumbi ndo usiseme. Wazee wetu wanalijua pango lile kwa dua na ubani, wachimbaji wakaja wakachimba wakaondoka na vijifuko, tukauliza mumepata nini, "mifupa". Basi. Miaka imepita, mgeni mmoja wa hoteli ndo ananisomea kwenye simu yake kwamba mifupa mengine ilikuwa ya punda milia na nyati, na watu walikuwa wakiingia mle zaidi ya miaka elfu 20 nyuma, wakati bahari iko chini na Unguja imeshikana na bara, mtu anakuja kwa miguu. Nilikwenda skuli nikawahadithia watoto, wakapiga kelele punda milia Jambiani! Mwalimu akanitoa nje kwa fujo, lakini mmoja alinifata mpaka kwangu kuuliza kama na simba walikuwepo.

Na jibu likikosa njia ya kuja zima linakuja nusu. Mwaka 2023 ulitoka ule utafiti wa vinasaba vya watu wa kale wa mwambao, mifupa ya watu 80, ya Manda, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na kwengineko. Hapa baraza iligawika pande mbili, huyu anasema imethibitika sisi ni Waajemi, huyu anasema imethibitika sisi ni Waafrika, kila mtu na ujumbe wake wa kutumiwa kwenye simu. Kumbe waliosema wenyewe ni kwamba upande wa mama wengi ni Afrika, upande wa baba wengi Uajemi, na India kidogo imo, na mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000. Wote wawili walikuwa na nusu ya karatasi, na mpaka leo hawasalimiani vizuri.

Mbung'o tu, wale inzi wanaowatia ng'ombe maradhi, ndo haikuhitaji mkalimani. Miaka ya 90 walimwaga kwa ndege madume zaidi ya milioni 8 yaliopigwa mionzi yasizalishe, yakifugwa Tanga, mbung'o wa mwisho Unguja akaonekana 1996. Mfugaji alilipata jibu kwa ng'ombe wake mwenyewe.

Haya mengine yanataka kusemwa kwa mdomo. Ninachoomba si kikubwa. Mtafiti akimaliza aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili cha watu, amletee sheha, usomwe barazani siku za maji mafu ambazo kina mama hawendi pwani wala wavuvi wengi hawatoki, na anaetoa kibali aulize kwanza ule ukurasa wa mwanzo uko wapi kabla hajatia muhuri wa pili. Hata kama jibu ni "hatujapata kitu", tusomewe hivo hivo, sisi wavuvi kurudi mikono mitupu tunakujua.

Wiki ijayo nimeshapigiwa simu, wanakuja wengine, wa mwani tena. Nimewaambia nitawapokea na kubeba nitabeba, ila wakipita mjini wamtafute yule kijana wa tableti wachukue majibu yake waje nayo, maana bibi kashasema gunia la kukalia halitoi tena.

Mbebaji, Jambiani