Anayebeba ni shina, si kikonyo

Mhariri,

Tafakari za Jumapili magazetini, pamoja na mahubiri mengi ya huku Rungwe na Njombe, siku hizi zimeachana na mifano ya simu na vocha na kuingia shambani kwenye parachichi. Ni heri, maana ule mfano wa bando la mbinguni lisiloisha ulishachuja. Tatizo ni kwamba habari ya kubebesha miche, yaani kuunga kikonyo (kitawi kilichokatwa kwenye mti mmoja) juu ya shina la mti mwingine, inasimuliwa miguu juu kichwa chini, na Mtume Paulo anasemeshwa asichokisema.

Kinachohubiriwa ni hiki: wewe ni shina la parachichi la kienyeji, Yesu ni kikonyo cha Hass, ile aina ya parachichi la biashara. Ukimpokea anabebeshwa juu yako, unaanza kuzaa tunda la soko. Mkulima aliyeko kwenye benchi anaitikia kwa kichwa, kwani ndivyo afanyavyo kitaluni. Lakini fungua Warumi 11. Pale shina ndilo jema, na kikonyo ndicho kilichotoka mwituni. Watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, ni kitawi cha mzeituni mwitu kilichochomekwa kwenye mzeituni uliotunzwa, nacho kinaonywa kisijivune, kwa kuwa hakilibebi shina. Shina ndilo linalokibeba. Neno letu la kitaluni, kubebesha, lilikuwa tayari mlangoni, wahubiri wakalipita.

Wapo wanaodai kwamba Paulo alikuwa mtu wa mjini asiyejua kilimo, kwa kuwa mkulima huchomeka kitawi chema kwenye shina la mwitu, si kinyume chake. Mstari wa 24 unawajibu: yeye mwenyewe anasema jambo hilo ni kinyume cha asili. Wengine humtaja Columella, Mrumi wa karne ya 1 aliyeandika juu ya kilimo, ambaye anaeleza namna ya kuchomeka kitawi cha mzeituni mwitu kwenye mti uliochoka kuzaa. Hata ikiwa hivyo, haikuwa kazi ya kila siku.

Tena kitaluni kikonyo hakibadilishwi na shina. Miti yote ya Hass duniani imetokana na mti mmoja wa Rudolph Hass, mfanyakazi wa posta wa California aliyeupatia hataza mwaka 1935. Mti wenyewe ulikufa mwaka 2002, lakini vikonyo vya uzao wake vimo Tukuyu vikizaa Hass ileile juu ya mizizi ya kienyeji. Ukipanda kokwa lake unapata kitu kingine. Kwa hiyo anayetaka kufundisha kubadilika kwa tabia, mfano huu haumfai. Paulo mwenyewe hapo hataji tunda jipya. Anataja unono wa shina, yaani chakula ambacho kikonyo hakikukitafuta.

Na chakula hicho kinapitaje? Hapa ndipo tafakari zetu zinapokimbia haraka mno. Mche wa kienyeji ukifikia unene wa penseli hukatwa kichwa, kama sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye udongo, kisha hupasuliwa katikati sentimita 3. Kikonyo cha sentimita 10 hivi, kilichokomaa na macho yake yamevimba bila kufumuka, huondolewa majani na kuchongwa pande mbili kama kabari. Kikitoka mbali hufungwa kwenye gazeti lililoloweshwa (hapo nalo gazeti lako huendelea kuhudumu, Mhariri). Kinachounga si mti kwa mti. Ni utando mwembamba wenye utelezi ulio kati ya gome na mti, na utando wa kikonyo lazima uguse utando wa shina. Kikonyo kikiwa chembamba kuliko shina, anayejifunza hukiweka katikati kabisa, kwa kuwa ndipo kinapopendeza. Hukauka. Mzoefu hukisogeza pembeni hadi magome yalingane upande mmoja, mche unaonekana umekaa kombo, nao unashika.

Halafu hufungwa nailoni kwa kukaza, kuanzia chini kwenda juu, maji yasiingie, na kufunikwa kimfuko ili kikonyo kisinyauke. Kisu butu huacha mkato wenye mawimbi, hewa hubaki katikati, na kuvu hupata makazi. Nailoni nayo ikisahaulika miezi mingi baada ya kushika, hulinyonga shina lilelile lililokuwa linalindwa.

Kuna jambo jingine ambalo waandaaji wa mikutano ya injili viwanjani wangelipenda, au wangelichukia. Kikonyo kinaweza kuchipua majani mazuri wiki chache tu baada ya kufungwa, na kisiwe kimeungana na chochote. Kinakula akiba iliyokuwa ndani yake. Ikiisha, majani hulegea na kikonyo huwa cheusi kuanzia kwenye kabari. Ndiyo maana mwenye kitalu makini hahesabu miche kwa majani ya mwanzo, na hauzi mpaka chipukizi lirefuke na majani yakomae. Mikutanoni, idadi ya waliokata shauri kuokoka hutangazwa usiku uleule.

Nirudi kwa shina la kienyeji, ambalo mahubiri hulifanya liokoke siku ya kwanza. Haliokoki. Chini ya kiungo litatoa machipukizi yake mwaka huu na ujao, na kwa kuwa hayo hayapiti kwenye kovu, hupata chakula kwanza na kukipita kikonyo kwa kasi. Yasipobanduliwa kwa kidole yangali laini, kikonyo hudhoofika na kufa. Miaka kadhaa baadaye mkulima anavuna parachichi la kienyeji, kisha anasema kitalu kilimwibia. Ukiyakata juujuu kwa panga, kila kisiki hurudi na mawili.

Tunachoomba ni kidogo: mwandishi wa tafakari ijayo ya Warumi 11 apite kwanza kwenye kitalu chochote cha Tukuyu, Njombe au Mufindi, afunge miche 10 kwa mkono wake, na arudi baada ya wiki 6 kuihesabu. Aje na wembe mpya. Uliokwisha kunyolea ndevu hautafaa.

Mbebeshaji miche,
Tukuyu, Mbeya